Saiti inachelewa kuonyesha maandishi kwa sababu ya fonti? Irekebishe hivi, hatua kwa hatua

Naandika hii kwa vile naona watu wanakwama palepale kila siku. Mtu ana saiti ya nyumba ya wageni Shela, Lamu, au ya safari za boti Malindi, amechagua fonti yake nzuri, kwenye kompyuta ya ofisi yenye waifai inafunguka chap. Mgeni ameshuka uwanja wa ndege wa Manda, anaifungua kwa simu na bando, anaona picha, anaona vitufe, lakini maandishi hamna, na namba ya kupiga aulize boti ndo imo kwenye hayo maandishi yasiyoonekana. Au maandishi yanatokea halafu ukurasa unaruka ghafla na kidole kinabonyeza kitu kingine kabisa.

Mwenye saiti akiambiwa, anakimbilia kubandika preload, yaani amri ya kushusha faili mapema, kila mahali, na saiti inazidi kuwa nzito. Kinachowashinda wengi ni utaratibu. Unapima, unapunguza, halafu ndo unaharakisha. Ukiharakisha kabla ya kupunguza unasukuma mzigo ambao hata hauhitajiki. Kwa hivyo fuata hatua kama zilivyo, usiruke.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta yenye Chrome, na simu ya Android ya kawaida, ile wateja wako wanayotumia kweli, sio ile ya bei ghali ya bosi.
- Waya wa USB wa kuunganisha hiyo simu na kompyuta.
- Ruhusa ya kuingia kwenye faili za saiti. Kama ni WordPress, akaunti ya admini na njia ya kufika kwenye faili za seva.
- Faili asili za fonti, TTF au OTF, pamoja na leseni yake. Fonti za leseni ya SIL Open Font License unaruhusiwa kuzikata na kuzigeuza, ila soma kama jina la fonti limewekewa masharti. Za kununua usiziguse kabla hujasoma walichoandika.
- Python, na baada ya hapo hii amri moja kwenye dirisha la amri (terminal):

```
pip install fonttools brotli
```

- Kopi ya saiti nzima kama ilivyo sasa. Usianze bila kopi.

## Hatua ya 1: Pima, usikisie

Fungua ukurasa kwenye Chrome, bonyeza F12, nenda tabo ya Network. Weka alama kwenye Disable cache, chagua kasi ya 3G, halafu chuja kwa kubonyeza Font. Fungua ukurasa upya utazame.

Andika pembeni mambo manne: fonti ngapi zinashuka, kila moja ina KB ngapi, zinatoka domeni gani, na kila moja inaanza kushuka lini. Hilo la mwisho watu hawaliangalii na ndo lenye siri. Brauza haishushi fonti pale inapoiona tu kwenye CSS, yaani faili linalopanga muonekano wa ukurasa. Inasoma HTML, inashusha CSS, inaangalia kama kuna maandishi yanayoitaka hiyo fonti, ndo inaanza kuiomba. Kwa hivyo CSS ikichelewa, fonti inachelewa mara mbili.

Sasa nenda tabo ya Elements, bonyeza aya yoyote, ingia Computed, shuka mpaka chini kabisa kwenye Rendered Fonts. Pale inakwambia fonti gani hasa imechora herufi ngapi. Utashangaa.

Umefanikiwa kama unaweza kusema kwa sentensi moja shida iko wapi: fonti ni nzito, au ni nyingi, au zinachelewa kuanza kushuka, au zimefika mapema na bado ukurasa unakwamakwama ukiuteremsha. Kila jawabu lina hatua yake huko chini.

## Hatua ya 2: Ondoa zisizo na kazi

Saiti nyingi za WordPress nilizoziona huku kwetu temu inaleta fonti zake, plagini ya kujenga kurasa inaleta zake, plagini ya kubuku vyumba nayo inaleta zake, na fonti ya aikoni juu, na yote hayo kwa ukurasa wenye kichwa, aya tatu na bei.

Kaa na uzito miwili tu: wa kawaida na boldi. Italiki iweke kama unaitumia kweli. Ukitaka uzito mitatu au zaidi, tafuta fonti yenye uzito wote ndani ya faili moja, ile wanayoiita variable. Faili lake ni kubwa kuliko la uzito mmoja, kwa hivyo kwa mtu wa uzito mmoja halina faida.

Fonti ya aikoni iondoe kabisa. Unashusha mamia ya aikoni kwa ajili ya simu, bahasha na ramani. Weka SVG (picha ndogo za mistari) tatu moja kwa moja kwenye HTML, basi.

Tahadhari: ukifuta faili la boldi na CSS bado inaita 700 (namba ya boldi, ya kawaida ni 400), brauza itanenepesha herufi yenyewe, na hiyo boldi ya kubuni haipendezi. Ama bakiza boldi ama badilisha vichwa viwe 400.

## Hatua ya 3: Kata fonti na uigeuze WOFF2

Hapa ndo pana faida kubwa, kwa hivyo tukae kidogo.

Fonti ya TTF yenye Kilatini, Kigiriki na Kisirili ndani yake inaweza kuwa na KB 150 mpaka 300 na zaidi, kwa uzito mmoja tu. Wewe unaandika Kiswahili, Kiingereza, na kama uko Malindi au Watamu pengine Kiitaliano na Kijerumani. Hayo mengine yote ni mzigo wa bure. Ukikata ukabakisha unachohitaji na ukageuza WOFF2 (faili la fonti lililobanwa kwa ajili ya saiti), mara nyingi unabaki na KB 15 mpaka 30 hivi. WOFF2 inabanwa kwa Brotli, kwa hivyo usihangaike kuibana tena kwa gzip kwenye seva, haipungui.

Amri ni hii, kwa mstari mmoja, na pyftsubset ni kifaa kilichokuja na fonttools:

```
pyftsubset mwili.ttf --unicodes="U+0020-007E,U+00A0-00FF,U+2013,U+2014,U+2018,U+2019,U+201C,U+201D,U+2026,U+20AC" --flavor=woff2 --output-file=mwili-v1.woff2
```

Tazama hizo namba za U+ vizuri, kila moja ni namba ya herufi au alama kwenye Unicode, manake hapa ndo watu wanaharibu. Wengi wanakata wakaacha A mpaka Z pekee. Kisha mtu anaandika ng'ombe au ng'ambo, programu ya kuandikia inageuza ile alama ya juu iwe U+2019, fonti iliyokatwa haina, na brauza inaichukua kwenye fonti nyingine. Neno moja, fonti mbili, na ile alama inakaa kama imebandikwa na gundi. Ndo sababu U+2019 imo.

Pili ni €. Saiti za Malindi zinaandika bei kwa euro, na alama ya euro haimo kwenye lile fungu la U+00A0 mpaka U+00FF, iko peke yake U+20AC. Herufi za Kiitaliano kama à, è, ò, na ü na ß za Kijerumani zenyewe zimo, usiwe na wasiwasi.

Na usikate Q na X eti Kiswahili hakina. Majina ya wageni yanazo, na anwani za intaneti pia.

### Kama saiti ina Kiarabu

Lamu hili haliepukiki. Saiti za madrasa, ratiba za Maulidi, kasida, hata Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Fonti ya Kiarabu kwa kawaida ni nzito zaidi, kwa vile kila herufi ina maumbo yake ya mwanzo, kati, mwisho na peke yake, pamoja na sheria za kuziunganisha na kupanga irabu. Mtindo wa nastaliki ndo mzito kupita yote, kwa faili na kwa kuchora. Kwa aya ndefu tumia naskhi, nastaliki ibaki kwa kichwa kama lazima.

```
pyftsubset kiarabu.ttf --unicodes="U+0600-06FF,U+200C-200F,U+FD3E-FD3F,U+FDF2,U+FDFA" --flavor=woff2 --output-file=kiarabu-v1.woff2
```

Fungu la U+0600 mpaka U+06FF lina پ, چ, ڤ na گ, zile za ziada tunazozihitaji kwa Kiswahili. Lakini ﷺ haimo mle, iko U+FDFA. Ukurasa wa Maulidi utaitumia kila aya, ukiisahau itatoka kwa fonti nyingine kila aya. Hakikisha tu fonti yako asili inayo, sio zote zinazo.

Tahadhari mbili. Pyftsubset ina chaguo la layout-features, yaani sheria za kuunganisha herufi; usiichezee kwa Kiarabu, acha ilivyo, ukiizima herufi zinaachana na neno halisomeki. Na usiweke letter-spacing kwenye maandishi ya Kiarabu, inaleta balaa hilohilo.

Umefanikiwa kama Rendered Fonts inaonyesha fonti yako tu kwenye aya yenye ng'ombe, bei ya €, na ﷺ.

## Hatua ya 4: Weka faili kwenye seva yako mwenyewe

Ukiita Google Fonts, brauza inafungua njia kwenye domeni mbili: fonts.googleapis.com kwa CSS, kisha fonts.gstatic.com kwa faili lenyewe. Kwenye mtandao dhaifu kila domeni mpya ni safari kadhaa za kwenda na kurudi kabla hata herufi moja haijashuka.

Kuna wanaosema mgeni tayari anayo ile fonti kwenye kashe, yaani ghala la brauza, kutoka saiti nyingine. Hiyo imekwisha. Chrome tangu toleo la 86, mwaka 2020, inatenga kashe ya kila saiti, na Safari ilitangulia miaka mingi kabla. Mgeni anaishusha upya kwako.

Kwa WordPress 6.5 kuendelea, yaani tangu Aprili 2024, pana maktaba ya fonti ndani ya kihariri kwa temu za bloku. Unapandisha WOFF2 yako pale na inakaa kwenye seva yako. Temu za zamani utaziweka kwa mkono.

Ukikuta `@import` ya fonti ndani ya CSS, itoe. Inalazimisha CSS moja isubiri nyingine. Na fonti iliyomwagwa ndani ya CSS kwa base64 (faili lililogeuzwa maandishi) pia itoe, inaongezeka kama theluthi moja na inazuia ukurasa mzima.

## Hatua ya 5: Andika @font-face vizuri

```
@font-face {
  font-family: "Mwili";
  src: url("/fonti/mwili-v1.woff2") format("woff2");
  font-weight: 400;
  font-display: swap;
  unicode-range: U+0020-007E, U+00A0-00FF, U+2013-2014, U+2018-2019, U+201C-201D, U+2026, U+20AC;
}
@font-face {
  font-family: "Mwili";
  src: url("/fonti/kiarabu-v1.woff2") format("woff2");
  font-weight: 400;
  font-display: swap;
  unicode-range: U+0600-06FF, U+200C-200F, U+FD3E-FD3F, U+FDF2, U+FDFA;
}
```

Boldi nayo iandikie yake, na font-weight iwe 700.

Hiyo unicode-range ndo inamwambia brauza asiguse faili la Kiarabu kama ukurasa hauna Kiarabu. Ukurasa wa bei haulipii tena fonti ya ukurasa wa kasida.

Sasa font-display. Usipoiweka, brauza nyingi zinaficha maandishi mpaka sekunde 3 zikisubiri fonti, na hiyo ndo ile "maandishi hamna" ya mgeni wetu wa Manda. Ukiweka swap, maandishi yanaonekana papo hapo kwa fonti ya akiba, ile iliyomo tayari kwenye simu, yako inaingia ikifika. Ukiweka optional, fonti inapewa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, ikichelewa brauza inabaki na ya akiba kwa ukurasa huo na kuitumia safari ijayo ikiwa imeshaingia kashe.

Maoni yangu, aya za kawaida na namba za simu zipe optional kama wateja wako wengi wako kwenye mtandao wa kusuasua, swap ibaki kwa vichwa na jina la biashara. Mtu anayetafuta namba ya kupiga hana haja ya fonti yako, ana haja ya namba.

Umefanikiwa kama kwa kasi ya 3G maandishi yanatokea pamoja na ukurasa, hakuna sehemu tupu.

## Hatua ya 6: Preload, moja au mbili, basi

Sasa fonti ni ndogo, ndo unaruhusiwa kuiharakisha. Kwenye head, juu ya CSS:

```
<link rel="preload" href="/fonti/mwili-v1.woff2" as="font" type="font/woff2" crossorigin>
```

Neno crossorigin liweke hata kama faili liko kwenye domeni yako mwenyewe. Fonti huombwa kwa njia hiyo siku zote, ukiliacha brauza itashusha faili mara mbili, na mwenye bando ndo analipa.

Preload ile inayotumika juu ya ukurasa tu, kabla mtu hajateremsha. Ukiweka tano zinagombania njia na ile picha kubwa ya juu, na picha ndo inachelewa. Kiarabu usikipreload kwenye kila ukurasa, preload haisomi unicode-range, inashusha tu.

Umefanikiwa kama kwenye Network fonti inaanza kushuka sambamba na CSS, inatokea mara moja tu kwenye orodha, na Console haina onyo la kitu kilichopreloadiwa bila kutumika.

## Hatua ya 7: Zuia ukurasa usiruke

Ukurasa unaruka kwa sababu fonti ya akiba na yako hazilingani upana wala kimo. Aya ya mistari minne inakuwa mitano, kitufe kinasukumwa chini. Dawa ni kuilazimisha ya akiba ichukue nafasi ileile.

Miongozo mingi inatumia Arial kama akiba wakaishia hapo. Simu za Android hazina Arial, zina Roboto, na wateja wetu wengi wako Android. Kwa hivyo andika mbili, kila moja na vipimo vyake.

Chukua sentensi ndefu ya Kiswahili, iandike kwa fonti yako na kwa Roboto, saizi moja, mstari mmoja, upime upana kwa F12. Tuseme yako ni pikseli 412 na Roboto 396. Gawa 412 kwa 396, unapata 1.04, yaani size-adjust, amri ya CSS ya kukuza fonti ya akiba, ni 104%.

Kimo unakipata ndani ya faili asili:

```
ttx -t hhea -t head mwili.ttf
```

Inatoa faili la mwili.ttx. Lifungue usome ascent (kimo cha juu ya mstari), descent (cha chini ya mstari) na unitsPerEm (vipimo vya saizi nzima ya fonti). Tuseme ascent ni 950, descent -250, unitsPerEm 1000. Gawa 950 kwa 1000, halafu gawa tena kwa 1.04, inakuja 91.35%. Descent vilevile bila ile alama ya kutoa, 24.04%.

```
@font-face {
  font-family: "Akiba Simu";
  src: local("Roboto");
  size-adjust: 104%;
  ascent-override: 91.35%;
  descent-override: 24.04%;
  line-gap-override: 0%;
}
body { font-family: "Mwili", "Akiba Simu", "Akiba Kompyuta", sans-serif; }
```

"Akiba Kompyuta" ni hivohivo kwa local("Arial"), ila pima upya, usikopi 104%. Safari haifuati hizo za ascent na descent, kwa hivyo kwenye iPhone usitegemee zikusaidie. Pima kwa Kiswahili kama saiti ni ya Kiswahili, maneno yetu yana irabu nyingi na uwiano unatofautiana na Kiingereza.

Umefanikiwa kama kipimo cha CLS (ukurasa unaruka kiasi gani) kwenye Lighthouse, tabo ya vipimo ndani ya F12 ya Chrome, kiko 0.1 au chini, na ukiangalia kwa macho fonti ikibadilika hakuna mstari unaohama.

## Hatua ya 8: Kashe

Fonti haibadiliki, kwa hivyo mgeni asiishushe mara ya pili. Weka kwenye seva:

```
Cache-Control: public, max-age=31536000, immutable
```

Huo ni mwaka mzima. Ukibadilisha faili, badilisha jina, v1 iwe v2, la sivyo walioifungua zamani watabaki na ya zamani.

Fonti zikiwa kwenye domeni tofauti na saiti, seva hiyo lazima itume pia Access-Control-Allow-Origin, bila hivo brauza itazikataa kabisa.

## Hatua ya 9: Fonti imefika, ukurasa bado unakwama

Hii ni shida nyingine, ni ya kuchora, haihusiani na mtandao. Unganisha simu kwa USB, washa USB debugging kwenye simu, fungua chrome://inspect kwenye kompyuta, rekodi kwa tabo ya Performance huku unateremsha ukurasa.

Washukiwa ni wale wale. Text-shadow yenye ukungu mkubwa juu ya aya nzima. Filter ya blur nyuma ya maandishi. Text-rendering ya optimizeLegibility iliyowekwa kwenye body nzima. Na uhuishaji unaobadilisha font-size, letter-spacing au uzito wa fonti, manake kila hatua brauza inapanga ukurasa upya. Kichwa kikuze kwa transform badala ya font-size.

Kwa ukurasa mrefu, tuseme kasida nzima yenye irabu zote, gawa sehemu sehemu na kila sehemu ipe:

```
content-visibility: auto;
contain-intrinsic-size: auto 600px;
```

Brauza itaacha kuchora kilicho nje ya skrini. Zima kitu kimoja kimoja na urekodi tena kila mara, ukizima vyote kwa pamoja hutajua mkosaji ni yupi.

## Hatua ya 10: Pima tena kama ulivyopima mwanzo

Rudi hatua ya 1, kasi ileile, ukurasa uleule, ulinganishe na ulichoandika. Lenga LCP (muda mpaka kitu kikubwa cha ukurasa kionekane) ya sekunde 2.5 au chini, CLS ya 0.1 au chini, na fonti zote za ukurasa wa kawaida zisizidi KB 60 hivi kwa jumla, hicho cha mwisho ni kipimo changu mwenyewe.

Halafu zima waifai, toka nje na ile simu ya kawaida, fungua saiti kwa dirisha la siri ukiwa mahali mtandao unaposuasua kweli, gatini Mokowe kwa mfano, saa ambazo abiria wamejaa na kila mtu yuko kwenye simu. Maandishi yakitangulia fonti, namba ikasomeka, na kitufe kikakaa palepale, kazi imekwisha. Yakichelewa bado, angalia CSS yenyewe ina KB ngapi kabla hujaigusa fonti tena.